Mstari Uliolala

Siku Bi Tanuri alipoamua kuuzika mkate wa brauni, meneja wake alikuwa amesimama mbele yake na doa la maziwa begani. Mtoto wake alicheua mlangoni, dakika ya mwisho, wakati wa kuagana, na hapakuwa tena na nafasi ya kurudi ndani kubadili blauzi. Alilifunika doa kwa mtandio, akatega sikio.

"Umenisikia, mwanangu?" Bi Tanuri alisema. "Naufuta. Mkate gani huu, haupandi haushuki? Wenzake wanakimbia, huu umekaa tu. Hata jiwe ukilisukuma linasogea kidogo."

Bi Tanuri ndiye mwenye kiwanda. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi tangu enzi za tanuri moja la kuni nyuma ya nyumba yake, na alilipenda kuliko lile la kwenye leseni. Siku hizi ana oveni za umeme zinazojaza ukumbi mzima, ana magari ya kusambazia, ana ofisi yenye feni. Lakini akipita chumba cha kukandia bado anaminya donge kwa vidole viwili na kusema, "Bado halijaumuka," na mafundi wanalifunika tena bila ubishi, maana hajawahi kukosea.

"Na wale watatu wa oveni ndogo wanaouoka, Bi Mkubwa?" meneja aliuliza.

"Nitawapa haki zao zote, simdhulumu mtu. Oveni yao naipa mkate mweupe." Bi Tanuri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Usinitazame hivyo. Hata mimi naumia. Lakini karatasi zenu za kompyuta si ndizo zinazosema? Niandikie pendekezo, utie sahihi yako, tulimalize kwenye mkutano wa mwisho wa wiki."

Sahihi yako. Hilo neno lilitoka naye ofisini, likamfuata koridoni.

Meneja huyu hakuzaliwa na kiti. Alianzia dirishani, akiuza mikate ya rejareja kwa majirani wa kiwanda, akapanda kidogo kidogo kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kazi na mzito wa kukasirika. Alipopewa umeneja walimletea ripoti ya mwezi, kurasa zimejaa namba kama mchanga, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba ya lugha asiyoijua. Aliporudi nyumbani siku ile alimwambia mumewe, "Nimedanganya kwa shingo." Wiki iliyofuata akajiandikisha kwenye masomo ya jioni ya kusoma takwimu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ofisi. Alikuwa mama pekee darasani ambaye mkoba wake ulikuwa na nepi katikati ya madaftari.

Alichojifunza hakukificha. Alichora grafu ya mauzo, akaibandika ukutani karibu na mlango wa kupakilia, kila aina ya mkate na mstari wake wa rangi. Madereva wakapata cha kuchezea. Wakambatiza Mama Grafu.

"Mama Grafu, milima yako leo inasemaje?" aliuliza Breki, dereva mkongwe kuliko wote, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia. "Tuvae makoti?"

"Vaa mkanda kwanza," alimjibu, na wenzake wakamcheka Breki mpaka akaingia garini.

Lakini asubuhi ile hakukuwa na mzaha. Habari ilikuwa imeshafika oveni ndogo kabla yake. Dada Chachu, fundi mkuu wa mkate wa brauni, alikuwa ameegemea meza ya chuma, mikono nyeupe hadi kwenye viwiko. Aliitwa Chachu kwa sababu ukimwachia chumba kwa dakika tano, maneno yake yanakijaza.

"Nasikia tunamwaga unga," alisema. Wasaidizi wake wawili waliendelea kukata madonge, lakini visu vilikuwa vimepunguza mwendo.

"Bado, dada."

"Bado ya leo au bado ya kweli? Maana mimi nina watoto shule, na huyu hapa ndiyo kwanza amehamia chumba chenye dirisha. Niambie nijue. Mkate wangu una kosa gani?"

"Sijui kama una kosa."

"Basi nani anajua?" Dada Chachu alipangusa kipaji kwa mkono, akajiachia mstari wa unga usoni. "Nauoka kwa moyo. Ukitoka hapa, sijui unakoenda."

Meneja alirudi kwenye grafu yake, akaitazama kama mtu anayeitazama picha ya ukoo akimtafuta aliyefanana naye. Mstari wa mkate mweupe ulikuwa unapanda mishahara ikitoka, unashuka watu wakiishiwa pesa. Mstari wa mikate ya maziwa ulikuwa unazama shule zikifungwa. Kila mstari ulikuwa na homa zake na furaha zake. Ule wa brauni peke yake ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka, kama mtu aliyevuta shuka hadi utosini na kukataa kuamka.

Mwanzoni aliona kile walichokiona wote: mkate usiopendwa. Kisha akakumbuka maneno ya mwalimu wa jioni, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akigonga ubao kila akiyasema: namba haidondoki kutoka mbinguni, kuna mtu kaihesabu, mahali fulani, kwa sababu fulani, mtafuteni.

Akaanza kumtafuta. Mauzo yalizaliwaje hapa kiwandani? Dereva akishusha mikate dukani, huandika kwenye simu ni kreti ngapi ameshusha, yale masanduku ya plastiki ya kubebea mikate. Jioni anaandika mikate iliyorudi. Kompyuta inatoa hii kwenye ile, na kinachobaki inakiita mauzo. Akafungua kumbukumbu za brauni, duka baada ya duka. Kreti moja. Kilichorudi, hakuna. Kreti moja, hakuna. Duka la karibu na zahanati, kreti moja. Duka la bondeni, kreti moja. Jumatatu, Jumamosi, mvua, jua, kreti moja.

Akajiegemeza kitini. Watu gani hawa, wasiojuana, wanaoafikiana kila siku kula mikate idadi ileile?

Jioni ile hakukuwa na darasa, akawahi nyumbani. Mumewe, fundi pikipiki, alikuwa ameketi na mtoto mapajani, kucha bado zina oili ingawa alikuwa amezisugua mpaka zikawa nyekundu. Mtoto alikuwa amemaliza chupa ya uji mwepesi na anaendelea kunyonya hewa, macho yamemtoka, chupa inalia fyu, fyu.

"Mwache, imeisha," meneja alisema.

"Mwambie wewe. Mimi hanisikii." Mume alijaribu kuichomoa chupa, mtoto akaishika kwa mikono miwili kama bondia. "Huyu siku hizi kila mara anamaliza. Chupa moja, chupa moja, chupa moja."

"Basi anataka chupa moja."

"Ndiyo tunayompa," mume alicheka. "Anachotaka nani anakijua? Hajawahi kutubakishia."

Mtandio ulimdondoka meneja begani. Alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja hewani, mdomo wazi.

"Nini? Nimesema nini?"

"Rudia."

"Kwamba hajawahi kutubakishia?"

Alimbusu kwenye kipaji, akambusu na mtoto, akaenda jikoni kukoroga uji mwingine huku anaongea peke yake. Chupa tupu haikwambii mtoto ameshiba. Inakwambia tu chupa imeisha. Walimpa nusu nyingine. Akanywa sehemu tu, akaisukuma kwa ulimi, akapiga mwayo wa kizee. Wazazi wakatazamana. Ndiyo kwanza walijua kipimo chake.

Kesho yake alfajiri alipanda gari la Breki. Breki alimfutia kiti kwa mkono wa shati, jambo ambalo hakumfanyia mtu tangu alipooa. Katika duka la karibu na zahanati, mwenye duka, mama mnene mwenye kicheko cha haraka, alikuwa ameshaweka mfuko chini ya kaunta.

"Hii ni ya mzee mmoja mwenye kisukari," alieleza. "Nisipomfichia, anakosa. Wa brauni hapa haukai. Chai haijapoa, umekwisha."

"Mbona hujaomba uongezewe?"

"Nimeomba mpaka nikachoka!" Alimnyooshea Breki kidole. "Muulize huyu shemeji yangu wa bandia. Kila siku ananiambia ni kreti moja kwa kila duka."

Breki alijikuna kisogo. "Ndiyo utaratibu, mama. Niliukuta."

"Uliukuta kwa nani?" meneja aliuliza.

"Aa... kwa gari." Aliona haya, akacheka. "Mkate wa brauni ulipoanza, shubaka lililobaki wazi garini lilikuwa moja tu. Tukagawa kreti mojamoja. Baadaye tukaletewa gari kubwa, lakini nani angebeba zaidi? Unajua vile jioni inakuwa."

Alijua. Kiwandani, dereva akirudi na kreti tupu, watu wa oveni humpigia makofi na jina lake linaandikwa ubaoni. Akirudi na mikate, wanamwimbia kwamba mkate umemkimbilia, na utani huo unaweza kudumu mpaka Ijumaa. Ilikuwa desturi ya furaha, haikuwa na ubaya wowote moyoni. Tena meneja mwenyewe alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Kumbe walikuwa wanashangilia chupa tupu.

Hakusubiri mkutano. Alimkuta Bi Tanuri akinywa chai, akamweleza yote, la mtoto na la mama wa zahanati, maneno yakikimbizana.

Bi Tanuri alimsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, unataka kunifundisha mkate?"

"Siwezi, Bi Mkubwa. Mkate unaujua wewe. Mimi nataka kuwajua walaji. Hii karatasi inatuambia tulichopeleka, haituambii walichotaka. Nipe wiki. Maduka ya njia ya Breki tuyapelekee kreti mbili. Njia nyingine tusiziguse, tupate cha kulinganisha."

"Na mikate ikirudi?"

"Ikirudi..."

"Ikirudi, sahihi yako iwe mezani kwangu asubuhi yake. Unga haushuki na mvua." Bi Tanuri alisema bila hasira, lakini alisema kama alivyosema kuhusu donge lisiloumuka, na meneja hakuwa na ubavu wa kubishana. Akapiga moyo konde, akakubali.

Siku ya kwanza kreti mbili ziliisha. Ya pili pia. Madereva walitakiwa kuuliza mikate imeisha saa ngapi, na Breki, aliyekuwa akidharau grafu, akageuka mpelelezi. "Duka la bondeni, kabla ya saa tatu!" alitangaza akishuka garini, kama anasoma taarifa ya habari. Oveni ndogo ikawa haizimi. Dada Chachu alifunga kilemba upya na kuwaambia wasaidizi wake, "Kateni, kateni, mnapapasa nini, ni nywele za bibi harusi hizo?"

Wote walitegemea meneja atatulia. Kreti mbili zinaisha, ameshinda, nini tena? Yeye ndiye aliyekuwa hatulii. Akikaa mbele ya kompyuta aliona mstari umepanda ngazi moja na kulala tena, umenyooka vilevile. Chupa ilikuwa kubwa zaidi, lakini bado ilikuwa tupu. Angeweza kuacha hapo. Mkate ungeokoka, sahihi isingetakiwa. Lakini kama angeacha hapo, mwezi ujao angesimama mbele ya Bi Tanuri na kumwambia watu wanataka kreti mbili, na huo ungekuwa uongo uleule wa zamani, ila umevaa nguo mpya. Alidanganya kwa shingo mara moja; hakutaka kudanganya kwa mstari.

"Kesho tatu," alimwambia Dada Chachu.

"Tatu? Dada, hukusikia alichosema bosi? Mkate mmoja ukirudi tumekwisha!"

"Nimesikia."

"Unacheza na ugali wetu."

"Sichezi. Dada, uliniuliza mkate wako unakwenda wapi. Nataka nikujibu sawasawa."

Dada Chachu akachota unga. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakusema neno.

Jioni ya siku iliyofuata gari la Breki liliingia polepole, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wageuke. Alishuka bila kutangaza kitu. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa kreti moja, ndani yake mikate michache ya brauni imelaliana pembeni kama ndugu waliogombezwa. Hakuna aliyeimba. Mmoja wa wasaidizi wa Dada Chachu aliketi juu ya gunia. Na mlangoni, mikono nyuma, alikuwa amesimama Bi Tanuri.

Meneja aliikimbilia ile kreti.

"Imerudi!" alisema. "Imerudi! Kutoka duka gani?"

"La bondeni, na lile la karibu na shule," Breki alinong'ona. "Mama, samahani, nilijaribu kuwabembeleza..."

"La zahanati je?"

"La zahanati zimeisha. Zote tatu."

"Zimeisha saa ngapi?"

"Adhuhuri." Breki aliwageukia wenzake. "Jamani, mshikeni, mama wa watu amepagawa. Anachekelea hasara."

"Mimi pia naona anacheka," alisema Bi Tanuri. "Tulikubaliana nini, mwanangu?"

"Nakumbuka, Bi Mkubwa. Sahihi yangu utaipata. Naomba kwanza uangalie hapa."

Alimpeleka ukutani. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa siku ileile asubuhi, na alichukua kalamu akamalizia nukta za mwisho mbele ya macho ya wote. Mistari ya njia zisizoguswa ilikuwa chini, imelala. Mistari ya maduka ya Breki ilikuwa imeinuka, na sasa, kwa mara ya kwanza, haikufanana. Wa bondeni ulisimama mahali pake. Wa karibu na shule ulisimama chini yake kidogo. Wa zahanati ulikuwa bado unapanda.

"Miaka yote hii walikuwa sawa kwa sababu sisi tuliwafanya wawe sawa," alisema. "Leo bondeni wamesema, basi, tumeshiba. Hii mikate iliyorudi ndiyo sauti yao. Sasa najua bondeni wanataka kiasi gani. Zahanati sijajua bado, wale hatujawafikia. Na siku hizi chache ni chache tu, mwisho wa mwezi huenda wakabadilika. Siwezi kukuapia. Lakini kukwambia kwamba mkate huu haupendwi," alimgeukia Dada Chachu, "hilo siwezi kulitilia sahihi. Nitatia sahihi hiki ninachokiona."

Bi Tanuri alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Alifuata mstari wa zahanati kwa kidole kilekile anachominyia madonge, kutoka chini hadi juu, akaurudia tena. Kisha akaokota mkate mmoja ndani ya kreti, akaumega, akampa Dada Chachu kipande na chake akakitia mdomoni.

"Mimi ndiye niliyesema kreti moja," alisema huku anatafuna. "Siku ile gari lilikuwa limejaa. Nilisema kwa siku moja." Akameza. "Hakuna aliyeniuliza tena, na mimi sikujiuliza."

"Hatukujua cha kuuliza, Bi Mkubwa," alisema meneja.

"Wewe umejua." Aliwageukia wafanyakazi, akapaza sauti kama zamani alipokuwa akiita wateja barabarani. "Mmesikia? Oveni ndogo haiguswi na mtu! Na njia zote kuanzia wiki ijayo zipimwe kama hii ya Breki. Kila duka lipelekewe mpaka libakishe. Meneja wangu ndiye atakayesema."

Meneja wangu. Si mwanangu safari hii. Meneja alijikuta amenyoosha mgongo. Alijiona mrefu. Alitamani mumewe angekuwepo, na mtoto naye, ingawa mtoto angetaka tu kuila ile karatasi.

Dada Chachu alikuwa bado ameshika kipande chake cha mkate, hajakila. "Bondeni mpaka wanashiba?" aliuliza taratibu.

"Mpaka wanashiba, dada."

"Na zahanati bado wana njaa?"

"Bado."

"Basi mnasimama simama hapa mnangoja nini?" aliwapigia kelele wasaidizi wake, na kelele zile zikawa na kicheko ndani yake. "Na wewe Breki, ondoa gari, unaziba njia ya unga!"

Watu wakatawanyika. Bi Tanuri hakuondoka. Alivuta kiti cha plastiki kutoka kwa mlinzi wa mlango, akakiweka mbele ya ukuta, akaketi, magoti yakimlia. Alikuwa anautazama mstari wa juu kabisa, ule wa mkate mweupe, fahari yake, mkate aliouanza na tanuri la kuni. Ukiutazama kwa makini, tangu mwanzo wa mwaka ulikuwa unateremka, kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Na huu wangu?" aliuliza. "Huu una nini?"

Wiki chache nyuma meneja angeitikia kwa kichwa. Sasa alivuta kiti kingine, akaketi ubavuni kwake.

"Sijui, Bi Mkubwa," alisema. "Tuanze kwa kuuliza nani aliyeuhesabu."

Bi Tanuri aliguna, akavua kanga begani na kuikunja mapajani, kama mtu anayejiandaa kukaa sana. "Haya," alisema. "Nionyeshe. Ila taratibu, mimi mgeni huku."